"Sababu Haijulikani": Tunachokielewa Vibaya Kuhusu Vifo vya Ghafla vya Watoto

Mwezi Mei 2022 ilisambaa mitandaoni habari kwamba watafiti wa Australia wamegundua chanzo cha watoto wachanga kufa ghafla usingizini. Wazazi waliowahi kufiwa waliipokea kwa machozi, na wajawazito wakaanza kuulizana kipimo hicho kinapatikana hospitali gani. Utafiti wenyewe ulikuwa wa kweli, na aliyeuongoza, Dkt. Carmel Harrington wa Sydney, alikuwa amempoteza mwanawe kwa kifo cha aina hiyo miaka 29 kabla. Lakini kilichoandikwa na watafiti na kilichotangazwa na vichwa vya habari vilikuwa vitu viwili tofauti. Ili kuiona tofauti hiyo, yatupasa kwanza kuelewa madaktari wanasema nini hasa wanapoandika kwamba mtoto amefariki na sababu haijulikani.

Kifo cha ghafla cha mtoto mchanga, ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi SIDS, si ugonjwa. Hakuna mtoto anayeugua SIDS kama anavyougua surua au nimonia. Ni jina la hitimisho. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja, aliyekuwa akinyonya na kucheka, amelazwa, kisha amekutwa amefariki. Mwili wake umefanyiwa uchunguzi kamili, mahali alipolala pamekaguliwa, historia ya afya yake na ya familia imepitiwa, na bado hakuna kilichopatikana cha kueleza kifo hicho. Jina hilo lilipitishwa mwaka 1969 katika mkutano wa wataalamu uliofanyika Seattle, Marekani, na sharti la kukagua mahali pa kifo liliongezwa baadaye, ilipoonekana kwamba uchunguzi wa maiti peke yake hautoshi. Vifo vingi vya namna hii hutokea kabla ya mtoto kutimiza miezi sita, hasa kati ya mwezi wa pili na wa nne. Mtoto akishavuka mwaka, kifo kama hicho hupewa jina jingine, SUDC, nacho ni nadra mno: Marekani, nchi yenye watu zaidi ya milioni 300, huhesabu visa takriban 400 kwa mwaka kwa watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 18.

Uzito wote wa maelezo hayo umo katika kwamba uchunguzi hutangulia jina. Mtu aliyepoteza ufunguo akapekua chini ya godoro, nyuma ya kabati na mifukoni mwa nguo zote, kisha akasema "haupo", hasemi jambo moja na yule aliyesimama mlangoni akachungulia na kusema "haupo". Neno ni lile lile, lakini la kwanza lina kazi nyuma yake.

Chukua mfano ulio karibu nasi. Usiku wa baridi huko Njombe au Limuru, familia inaingiza jiko la mkaa chumbani, madirisha yakiwa yamefungwa. Asubuhi mtoto hayupo tena, na mama anaamka na kichwa kinachomgonga. Mwilini mwa mtoto hakuna jeraha wala dalili ya maradhi. Kwa macho matupu, kifo hicho hakielezeki. Ila damu ikipimwa, itakutwa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujishikiza kwenye chembe nyekundu za damu na kuinyima oksijeni nafasi. Kifo kilikuwa na sababu tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kuhusu jiko na maabara ya kupima damu.

Ndiyo maana katika nchi zenye utaratibu huu mpelelezi hufika nyumbani akiwa na kidoli. Humpa mzazi na kumwomba, kwa upole kadiri inavyowezekana, akilaze kama alivyomlaza mtoto jana usiku, kisha akiweke kama alivyomkuta asubuhi. Mikono ya mzazi hutetemeka, lakini huonyesha ambayo maneno hayawezi kuyaeleza: uso ulikuwa umeelekea wapi, blanketi lilifika wapi, mto ulikuwa umbali gani. Sijui kama kuna kazi ngumu kuliko hiyo katika taaluma nzima ya uchunguzi wa vifo, na ni vigumu kuona ingewezaje kuepukwa.

Huku kwetu hukumu hutangulia uchunguzi. Majirani hunong'ona "amemlalia", na mama hubeba neno hilo maisha yake yote. Wengine husema ni jini, ni jicho baya, ni mkono wa mtu. Mtoto kuzibwa pumzi na mwili wa mtu mzima au na godoro laini ni jambo linaloweza kutokea, na hatari huongezeka sana aliyelala naye akiwa amelewa, au wakilala kwenye kochi, au mtoto akiwa alizaliwa njiti. Hata hivyo, kulala kitanda kimoja na mtoto aliyefariki hakuthibitishi kwamba alilaliwa, kama vile kulala kitanda cha peke yake kusivyomkinga na kifo hiki.

Katika miongo mingi ya utafiti, ushindi mkubwa kuliko wote haukutoka maabara, ulitokana na swali la mtoto amelazwaje. Kuanzia miaka ya 1950 washauri wa malezi wa Marekani na Ulaya waliwahimiza wazazi wawalaze watoto kifudifudi, wakihofia kwamba akicheua akiwa chali atapaliwa. Hofu hiyo ipo hata kwetu, na inaeleweka, ila maumbile yenyewe hayaiungi mkono. Mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya umio, kwa hiyo maziwa yanayorudi hubaki chini na kumezwa. Akilala kifudifudi ndipo njia ya hewa huwa chini, mahali ambapo kimiminika huelekea kukusanyika. Tena mtoto aliyelala kifudifudi hupata joto kupita kiasi, usingizi wake huwa mzito zaidi, na uso ukizama kwenye kitambaa huivuta tena na tena ile ile hewa aliyokwisha kuitoa, iliyojaa kaboni dioksidi.

Utafiti wa New Zealand na ule wa Bristol, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1980 uliithibitisha hatari hiyo. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwezi Desemba 1991, Marekani ikafuata mwaka 1994, na katika nchi zote mbili vifo vya SIDS vilipungua kwa zaidi ya nusu. Marekani ilikuwa na vifo kama 130 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai mwaka 1990. Kufikia 2020 vilikuwa chini ya 40, ingawa sehemu ya upungufu huo ilitokana na madaktari kubadili jina wanaloliandika, si vifo vyenyewe kutoweka. Lenye kuuma zaidi ni kwamba mwaka 2005 watafiti wa Uingereza walirudi kwenye tafiti za zamani wakaona kwamba ushahidi dhidi ya kulala kifudifudi ulikuwa umeshapatikana kufikia mwaka 1970, ila hakuna aliyeukusanya pamoja. Walikadiria kwamba kama ungekusanywa mapema, vifo zaidi ya 10,000 vingeepukwa Uingereza, na angalau 50,000 kwa jumla katika Ulaya, Marekani na Australasia.

Lakini mamilioni ya watoto walilala kifudifudi wakaamka salama, kwa hiyo ulalaji peke yake hautoshi kuwa maelezo. Mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani, Filiano na Kinney, walipendekeza tuwaze hatari tatu zinazokutana kwa wakati mmoja: mtoto mwenye udhaifu uliojificha mwilini, umri ambao mwili unajipanga upya, na msukosuko kutoka nje, kama vile kulala kifudifudi, mafua au moshi wa sigara. Wanaokumbuka masomo ya nyumbani watalifananisha na mafiga: chungu hakikai juu ya mawili, na ukiliondoa moja, hata lile unaloweza kulifikia tu, hakikai tena.

Udhaifu huo uliojificha ndio Dkt. Hannah Kinney wa Boston aliousaka kwa miaka mingi. Alichunguza shina la ubongo, sehemu ya chini inayosimamia pumzi, mapigo ya moyo na kuamka, akakuta kwamba kwa watoto wengi waliofariki hivyo mfumo wa kemikali iitwayo serotonini ulikuwa na kasoro. Mtoto mzima akikosa hewa usingizini hushtuka, hugeuza kichwa, hulia. Ubongo una mlinzi wa zamu, ambaye kaboni dioksidi ikizidi hupiga kengele. Kwa watoto hawa ni kama mlinzi yupo langoni lakini kengele yake haina betri, na hakuna anayejua mpaka usiku atakapoihitaji.

Sasa tunaweza kurudi Sydney. Timu ya Dkt. Harrington ilipima damu iliyokaushwa kwenye karatasi, yale matone yanayochukuliwa kisiginoni mwa mtoto siku zake za kwanza, na kulinganisha ya watoto 67 waliofariki baadaye, 26 kati yao kwa SIDS, na ya watoto waliobaki hai. Kimeng'enya kiitwacho butirilikolinesterasi, kinachohusiana na mfumo wa neva unaomwamsha mtu, kilikuwa na nguvu ndogo zaidi, kwa wastani, kwa wale 26. Neno "kwa wastani" ndilo lililoachwa njiani. Vijana wa mtaa mmoja wanaweza kuwa wafupi kwa wastani kuliko wa mtaa wa pili, lakini ukikutana na kijana mfupi sokoni huwezi kusema ametoka mtaa upi, kwa kuwa wafupi wapo kote kuwili. Vipimo vya watoto waliofariki vilipishana na vya waliobaki hai kiasi kwamba havingeweza kutumika kumtambua mtoto aliye hatarini, wala kushuka kwa kimeng'enya hakuonyeshi kama ndicho kilichoua au ni alama tu ya jambo jingine. Kidokezo hicho kilikuwa na thamani, lakini kukiita chanzo ni kuwapa wafiwa faraja ya kukopa.

Kwa watoto waliovuka mwaka, uchunguzi umefuata njia nyingine, na njia hiyo inapita kwenye neno tunalolijua vizuri: degedege. Kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha New York kiligundua kwamba karibu asilimia 29 ya watoto waliofariki kwa SUDC walikuwa wamewahi kupata degedege la homa, ilhali kwa watoto wote kiwango ni asilimia 2 hadi 5. Takwimu hizo zilizua shaka, lakini hakukuwa na aliyeshuhudia. Kisha wazazi saba wakatoa rekodi za kamera walizokuwa wamezifunga chumbani kwa ajili ya kumwangalia mtoto.

Matokeo yalichapishwa Januari 2024. Watoto walikuwa wa miezi 13 hadi 27, na maiti zao zilikuwa zimechunguzwa bila sababu kupatikana. Madaktari wa ubongo na wa usingizi walizitazama rekodi hizo sekunde kwa sekunde. Katika tano kati ya saba walisikia au kuona dalili za mtukutiko, uliodumu chini ya dakika moja, ndani ya nusu saa kabla ya mtoto kufariki. Nyumba nzima ilikuwa imelala. Hapakuwa na kelele ya kumwamsha mtu, na asubuhi hapakubaki alama yoyote mwilini, kwa sababu mtukutiko wa sekunde chache hauachi kovu ambalo kisu cha daktari kinaweza kulikuta.

Habari hiyo isimtie hofu kila mzazi ambaye mtoto wake amewahi kutukutika kwa homa. Karibu wote hukua bila tatizo, na rekodi saba ni chache mno kujenga kanuni. Nchini kwetu hatari ya degedege ina sura nyingine iliyo kubwa zaidi: huenda ikawa malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, magonjwa yanayotibika mtoto akifikishwa hospitali mapema. Wapo bado wanaolihusisha degedege na dege la usiku au shetani, na mtoto hufukizwa kinyesi cha tembo huku saa zikiyoyoma. Inafikirisha kwamba neno ambalo wengi huliweka upande wa mizimu ndilo sasa linalowapa wanasayansi wa New York mojawapo ya nyayo zao bora.

Jeni nazo zimetoa majibu, japo kwa wachache. Utafiti wa mwaka 2021 ulisoma jeni za watoto 124 waliofariki kwa SUDC pamoja na za wazazi wao, na kwa takriban asilimia 9 ukakuta mabadiliko, mengi yakiwa mapya ambayo wazazi hawakuwa nayo, katika jeni zinazohusika na mapigo ya moyo au kifafa. Moyo unaweza kuwa na umbo kamili kabisa mezani pa mchunguzi na bado ukawa ulikuwa na hitilafu ya umeme iliyousimamisha. Redio iliyozimika ghafla, ukiifungua, nyaya zote zinaonekana mahali pake.

Kutolielewa jambo hilo kumewapeleka akina mama gerezani. Sally Clark, wakili wa Uingereza, alipoteza mtoto wa kwanza mwaka 1996 na wa pili mwaka 1998, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1999. Mahakamani, daktari bingwa Roy Meadow alieleza kwamba uwezekano wa kifo kimoja cha ghafla katika familia kama hiyo ni 1 kwa 8,543, kwa hiyo wa viwili ni idadi hiyo ikizidishwa kwa yenyewe, yaani kama 1 kwa milioni 73. Kuzidisha hivyo ni halali iwapo tu matukio hayahusiani. Yeyote mwenye selimundu katika ukoo wake anaona kosa lilipo: wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa jeni hiyo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kwa 4, na mtoto wa kwanza kuugua hakuufanyi ugonjwa wa mtoto wa pili kuwa muujiza. Isitoshe, akina mama wanaowaua watoto wawili nao ni nadra mno. Mahakama ilipaswa kulinganisha nadra kwa nadra, badala ya kuushangaa upande mmoja tu. Chama cha Kifalme cha Takwimu cha Uingereza kilipinga hesabu hiyo hadharani mwaka 2001. Hukumu ilifutwa Januari 2003, baada ya kubainika pia kwamba majibu ya maabara ya mtoto wa pili hayakuwa yamefikishwa kwa utetezi. Sally Clark alifariki mwaka 2007.

Australia ilichukua muda mrefu zaidi. Kathleen Folbigg alifungwa mwaka 2003 kwa vifo vya watoto wake wanne, kisha mtaalamu wa kinga Carola Vinuesa na wenzake wakakuta kwa mama na kwa binti zake wawili badiliko la jeni CALM2, inayosaidia kuendesha kalisi ndani ya moyo. Alisamehewa Juni 2023, na hukumu zikafutwa Desemba mwaka huo. "Hatukupata sababu" ilikuwa imesomwa kama "sababu ni mama".

Kosa la mantiki linalofanana na hilo ndilo linalobeba uvumi kwamba chanjo ndiyo husababisha vifo hivi. Watoto wetu huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, yaani ndani ya miezi ile ile ambayo SIDS hutokea zaidi, kwa hiyo baadhi ya vifo lazima viangukie siku chache baada ya sindano. Anayepanda daladala la saa kumi na mbili jioni kila siku huliona jua likizama kila akipanda, wala halizamishwi na daladala. Tafiti zilizolinganisha watoto waliochanjwa na wasiochanjwa hazikuona ongezeko la vifo hivi kwa waliochanjwa.

Mengi ya haya yamechunguzwa mbali nasi, lakini si yote. Cape Town ilikuwa moja ya vituo vya utafiti uliofuatilia karibu mimba 12,000 huko na Marekani, nao ulionyesha kwamba mtoto ambaye mama yake aliendelea kunywa pombe na kuvuta sigara baada ya miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito ana hatari ya SIDS karibu mara 12. Kuhusu ulalaji, ushauri wa chali, godoro gumu, bila mto na bila moshi unafaa popote. Ule wa kitanda cha peke yake hauwezi kuigwa neno kwa neno katika nyumba yenye chumba kimoja na chandarua kimoja. Mtoto asitolewe ndani ya chandarua kwa kuogopa SIDS, maana malaria inaua wengi zaidi.

Tatizo letu kubwa ni kwamba wengi hufia nyumbani na kuzikwa siku hiyo hiyo, jambo ambalo dini na heshima ya maiti vinalidai, na si watafiti wa kulibeza. Katika maeneo yanayofuatiliwa na watafiti kama Ifakara na Kilifi, mhojaji aliyefunzwa hufika baada ya wiki kadhaa za msiba na kuwauliza ndugu maswali yaliyopangwa: alikuwa na homa, alipumua kwa shida, alitukutika? Mbinu hiyo husaidia kuhesabu malaria na nimonia, ila kwa mtoto aliyelala mzima na asiamke, ndugu hawana dalili ya kusimulia. Magharibi mwa Kenya, Kisumu na Siaya, CHAMPS, mpango wa kuchunguza sababu za vifo vya watoto, hutumia njia ya kati: wazazi wakiridhia, sindano nyembamba huchukua vipande vidogo vya mapafu, ini na ubongo, pamoja na damu na maji ya uti wa mgongo, kwa kawaida ndani ya saa 24, na mwili hurudishwa ukiwa haukupasuliwa, tayari kwa mazishi. Majibu yameonyesha mara nyingi kwamba mtoto mmoja alikuwa na zaidi ya hali moja iliyochangia kifo chake. Kisha watafiti hurudi nyumbani kwa wafiwa na kuwasomea kilichopatikana, na pale ambapo hakikupatikana kitu, huwaeleza ni wapi walikotafuta.